Lushoto: Mayai sita, bustani moja na kipande cha kila mtoto

Barabara inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, mkoani Tanga, ni fupi lakini haina haraka. Ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, mlima upande huu na korongo upande ule. Kule chini joto la tambarare linachoma. Gari likifika Soni, kwenye maporomoko ya maji, abiria wameshaanza kufunga madirisha. Lushoto yenyewe, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal enzi za utawala wao, iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi yake inataka sweta.

Mgeni huona mboga kabla ya kuuona mji. Mabondeni kuna kabichi, karoti, hoho, nyanya na viazi mviringo. Kwenye miteremko, matuta ya ngazi huzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mavuno hupangwa kwenye matenga na viroba, yakapakiwa kwenye malori kuelekea Tanga na Dar es Salaam. Karoti inayomenywa leo katika jiko la Kariakoo huenda juzi ilikuwa bado ardhini milimani Usambara.

Kinachobaki nyumbani

Hata hivyo, kulima mboga si sawa na kula mboga. Mkulima huhesabu ada ya shule na bei ya mbolea kwa viroba, hivyo zilizo nzuri huenda sokoni. Mayai nayo hupelekwa dukani kubadilishwa na sabuni au mafuta ya kula. Mtoto hubaki na makande, au ugali na mboga ya aina moja, leo kama jana.

Jambo hili si la Lushoto peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Sababu ni nyingi, yakiwamo maradhi na maji yasiyo salama, lakini sahani ya mtoto ni mojawapo. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wale kila siku chakula kitokanacho na wanyama, kama mayai, nyama au samaki, pamoja na mboga na matunda.

Ndiyo maana bustani ndogo nyuma ya jiko ina thamani kuliko ukubwa wake. Matuta mawili matatu yanatosha: mchicha, spinachi, mnavu, vitunguu vya majani, karoti na mche mmoja au miwili ya hoho. Maji yaliyosuuzia mboga humwagiliwa hapo hapo. Ni vizuri bustani hii itengwe na shamba la biashara, kwa sababu mazao ya sokoni hupigwa dawa, na kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chupa.

Omleti isiyokunjwa

Kwa mavuno madogo kama hayo, Waitaliano wana chakula kiitwacho fritata, jina litokanalo na neno la kukaanga. Ni mayai yaliyochanganywa na mboga yoyote iliyopo, yakaivishwa polepole yakawa mazito kama keki, bila kukunjwa. Anayejua chipsi mayai amekwisha kumjua ndugu yake.

Kwa familia ya watu sita hadi wanane, yanatosha mayai 6, viazi 2 vya wastani vilivyochemshwa na kukatwa vipande, karoti 1 iliyokwaruzwa, hoho 1, kitunguu 1, viganja viwili vya mchicha au spinachi iliyokatwakatwa, vijiko vitatu vya mafuta na chumvi kidogo.

Kitunguu hutangulia kwenye mafuta hadi kilainike. Hufuata karoti na hoho, kisha viazi, na majani huja mwisho. Hapa ndipo wengi hukosea: majani yana maji mengi, na maji yasipokauka kabla ya mayai kuingia, chakula hutoka kimelowa na kusambaratika. Mafuta nayo yana kazi zaidi ya kuzuia kugandia, kwani husaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo kwenye karoti na majani ya kijani.

Mayai hupigwa na chumvi, yakamiminwa juu ya mboga, na moto ukapunguzwa. Italia wengi humalizia ndani ya oveni. Kwenye jiko la mkaa kuna njia ambayo kila mpishi wa wali anaijua: makaa machache huachwa chini, mengine huwekwa juu ya mfuniko wa bati. Baada ya dakika 10 hadi 15 kisu huchomwa katikati. Kikitoka na ute, chakula kirudi motoni, hasa kikiwa cha mtoto mdogo au mjamzito, ambao hawafai kula yai bichi.

Yai la nani?

Faida kubwa ya fritata huonekana inapokatwa. Yai moja la kukaanga lina mwenyewe, na katika nyumba nyingi mwenyewe ni baba au mgeni. Zipo pia jamii ambazo mjamzito huambiwa asile mayai, eti mtoto atazaliwa bila nywele, na wanaonyimwa ni wale wale wanaoyahitaji zaidi. Mayai 6 yakigeuzwa kuwa vipande 8 vinavyolingana, fungu la kila mmoja liko wazi mezani. Mama hana haja ya kubishana na mtu wala kujinyima, na kipande cha mdogo hulingana na cha mkubwa.

Kwa aliye na umri wa miezi 8 au 9, kipande hupondwa kwa uma, na chumvi huachwa wakati wa kupika. Kilichobaki kisikae nje zaidi ya saa mbili bila friji. Kwa kawaida, lakini, hakibaki.

Lushoto itaendelea kupakia malori, na ni vyema, kwa kuwa ada ya shule inatoka humo. Kinachotakiwa ni mayai sita ya wiki yasivuke mlango wa duka, na matuta mawili yasihesabiwe kwenye mavuno ya kuuza.