Msimu wa Samaki Wakubwa Watamu

Upepo wa kusi unapokwisha na kaskazi kushika zamu yake, bahari ya Watamu huacha ule ukijivu wa mawimbi na kuvaa buluu iliyokolea. Hapo mji huu mdogo hupokea wageni wa aina mbili. Wa kwanza huja kwa maji: jodari, nguru, fulusi, na nyuma yao wale mabwana wa bahari wenye pua kama mkuki, sulisuli na nduwaro. Wa pili huja kwa ndege kutoka nchi za mbali, wakiwafuata hao wa kwanza. Kati ya wageni hawa wawili wamo wenyeji, na ni wenyeji hao tuliotaka kuwasikiliza tulipofunga safari mwezi wa Januari kutoka Mombasa, kina mama sita pamoja na watoto wetu.

Safari yenyewe ni ya zaidi ya kilomita 100. Ukishavuka daraja la Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke hukusindikiza mkono wa kushoto hadi Gede. Tulisimama hapo watoto wauone msikiti wa Ijumaa wa mji wa kale, ambao mihrabu yake ingali imesimama katikati ya miti mikubwa. Kisha tukakata kulia, na baada ya mwendo mfupi bahari ikatufungukia.

Ajabu ya maji haya ni kina chake. Mbele ya miamba, sakafu ya bahari haiendi mbali kabla ya kuporomoka kwenye kilindi. Mikondo ikipiga ukingo huo, chakula cha vilindini hupanda juu, vidagaa hukifuata, jodari huwafuata vidagaa, na nduwaro huwafuata jodari. Yeyote aijuaye njia hiyo hana haja ya kukisia samaki mkubwa yuko wapi. Tatizo ni kwamba siku hizi kila mtu anaijua.

Alfajiri, baada ya swala, tulizitazama mashua za wageni zikitoka. Kila moja ilikuwa na fito mbili ndefu zilizotanuliwa ubavuni kama masharubu ya kamba, za kubebea mishipi, na sitahani kiti cha kumfungia mvuvi asije akavutwa majini. Zilikwenda upande mmoja karibu zote. Mmoja wa vijana wanaofanya kazi humo, mzaliwa wa hapo, alitueleza sababu: nahodha mmoja akipata samaki, habari huenea kwa redio, na kabla ya saa moja kupita mashua zimekusanyika pale kama nzi kwenye tende.

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway alikuja kuvua Malindi mwaka 1934, na tangu enzi hizo sifa za maji haya zimesafiri mbali. Maji ya Shimoni, kwenye mkondo wa Pemba, nayo yana wapenzi wake. Wavuvi wa aina hii hawatafuti kitoweo, wanatafuta uzito. Rekodi ya dunia ya nduwaro mweusi iliwekwa Peru mwaka 1953, samaki wa zaidi ya kilo 700, na hadi leo wapo watu wanaovuka bahari kwa ndoto ya kuipita.

Tulimuuliza yule kijana: huyo samaki mkubwa kuliko wote, ni dume au jike? Akacheka. "Mama zangu, mkubwa siku zote ni jike. Dume la nduwaro halifiki hata kilo mia mbili." Mama mmoja aliyekuwa kando yetu, beseni lake la samaki likiwa miguuni, akainua uso. "Kumbe ni mama mtu," akasema, kisha akanyamaza.

Neno hilo tulilibeba siku nzima. Jike mmoja wa nduwaro hubeba mamilioni ya mayai. Basi anayewinda mkubwa kuliko wote anawinda, ajue asijue, uzazi wa kesho.

Haki itupasa tuseme na upande wa pili. Wengi wa wavuvi hawa siku hizi hawamwui samaki. Humvuta hadi ubavuni mwa mashua, wakamchoma kijibango chenye nambari, wakamwachia aende zake. Samaki wenye vibango hivyo wakivuliwa tena kwingine, wataalamu hupata kujua walikopita na walivyokua. Tena si ndoana ya mgeni inayowamaliza zaidi. Tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, imekwisha kuonya kwamba nduwaro wa milia amevuliwa kupita kiasi. Na wengi wao hunaswa na meli za mishipi mirefu na majarife ya bahari kuu. Na mashua hizi za wageni ndizo zinazowalipa vijana wetu mishahara msimu mzima.

Lakini mzee mmoja wa mtumbwi alikuwa na lake. "Wanangu, mimi sigombi na mgeni. Ila wakija wote pamoja, injini zao hukata maboya ya jarife langu, na hapana anayesimama. Yeye akikosa leo, amekosa picha. Mimi nikikosa, nyumba nzima imekosa."

Na nyumba hiyo ndiyo inayomgusa mama wa beseni. Yeye ni mama karanga, mmoja wa wale wanawake wanaonunua samaki wadogo ufuoni, tafi, pono na changu, wakawakaanga na kuwauza mitaani jioni. Alitueleza kwamba hoteli zikijaa, samaki wazuri huishia kwa matajiri wenye magari ya barafu, naye hubakiwa na vya kuokoteza. Hata hivyo amewasomesha watoto watatu kwa karai moja. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Katika Sura ya Al-Maida tumefundishwa kwamba mawindo ya bahari tumehalalishiwa yawe manufaa kwetu na kwa wasafiri. Tuliwakumbusha watoto wetu jambo hilo tulipokuwa tukila samaki wa mama karanga chini ya mkungu: manufaa, si majivuno. Riziki ya mgeni imo baharini, na ya mwenyeji imo. Kinachotakiwa ni njia ya kupishana, na huruma kwa kiumbe anayetoa.

Familia zinazopanga kuzuru huko msimu huu tunazishauri zifike ufuoni mapema, kabla matajiri hawajanunua, na zinunue kwa mama karanga. Hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968, nayo haifai kupitwa, kwani ndani yake uvuvi umekatazwa na watoto wataona samaki wasiokimbia kivuli cha mtu. Mwenyezi Mungu aibariki bahari yetu, na awarudishe salama wote waliomo ndani yake. Amin.