Leeds: Mchana sahani, usiku magitaa

Ndugu msomaji, ukijaliwa safari ya Uingereza usikomee London kutazama saa ya Big Ben na walinzi wa ikulu, kisha ukarudi nyumbani kutuambia umeiona nchi. Panda garimoshi katika stesheni ya King's Cross, uelekee kaskazini hadi mji wa Leeds, mwendo wa saa mbili na dakika kidogo. Ndiyo safari niliyoifanya mimi, ingawa sikwenda kustarehe. Nilitumwa.

Dada yangu ana mwana anayesomea uhandisi huko. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba kijana hukesha akibeba spika za wanamuziki. "Wewe ndiwe mjomba wake," akaniambia. "Kamwulize kama shamba tuliliuza ili akabebe spika."

Kutoka stesheni ya Leeds unaweza kwenda kwa miguu. Ifuate barabara ya Woodhouse Lane inayopanda taratibu, mpaka uone mnara mweupe wenye saa juu ya jumba la Parkinson. Hapo umefika chuo kikuu. Mkenya hana budi kusimama kidogo mahali hapa, maana ndipo alipokuja hayati Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 1964 kwa masomo ya juu, na ndipo alipoandikia riwaya yake A Grain of Wheat, iliyochapishwa mwaka 1967.

Mpwa wangu alinipokea kwa shikamoo na tabasamu pana. Nikaitikia marahaba kwa uso mkavu, kama ilivyompasa mjumbe. Akanipeleka kula katika bwalo la maankuli, ambalo wenyewe huliita Refectory. Usitarajie ajabu lolote ukiingia mchana. Ni ukumbi mpana wenye meza nyingi, foleni ya wanafunzi na trei zao, harufu ya chipsi, na mlio wa uma juu ya sahani. Nikaanza hotuba niliyotumwa. Kijana akanikatiza kwa adabu: "Mjomba, kula kwanza. Kisha nitakuonyesha kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa kibao cha buluu ukutani. Waingereza huweka vibao vya namna hiyo kwenye majengo yenye historia. Hiki kinaikumbuka bendi ya The Who, iliyopiga muziki katika bwalo hili usiku wa tarehe 14 Februari 1970.

Kisa chake ni hiki. Mwaka 1969 bendi hiyo ilizunguka Marekani ikirekodi maonyesho yake, ikarudi na rundo la kanda. Mpiga gitaa wake, Pete Townshend, alipofikiria saa zote za kuzisikiliza, moyo ulimfa. Wakaamua kuanza upya kwa maonyesho mawili tu: moja hapa Leeds, jingine siku iliyofuata katika mji wa Hull. Kanda za Hull zikaonekana na kasoro, kwa kuwa gitaa la besi halikunaswa katika nyimbo za mwanzo. Basi iliyobaki ni ile ya bwaloni. Mei mwaka huohuo ilitoka santuri yenye jalada la kawaida kabisa, kama karatasi ya dukani iliyogongwa muhuri, ikiitwa Live at Leeds. Hadi leo wapenzi wa roki huihesabu miongoni mwa santuri bora kabisa zilizorekodiwa mbele ya watu.

Machi 1971 wakaja Rolling Stones. Juni 2006, Townshend na mwimbaji Roger Daltrey, wawili waliosalia kati ya wale wanne, walirudi kuzindua hicho kibao na kupiga muziki tena pale pale.

Utauliza, msomaji wangu, mabingwa hao walitafuta nini mahali pa kulia maharagwe? Jibu ni kwamba bwalo la chuo lilikuwa na vitu vitatu ambavyo mwanamuziki huvitaka. Kwanza, nafasi: hili huchukua takriban watu 2,000 wakisimama. Pili, vijana wengi wanaoishi karibu na wenye hamu ya muziki. Tatu, chama cha wanafunzi chenye fedha za kulipa bendi, na katibu wa burudani ambaye ni mwanafunzi mwenzao. Katibu huyo ndiye aliyepiga simu, akapatana bei, akauza tikiti, akahakikisha umeme hauzimiki. Vyaelea vyaundwa, na hapa waundaji walikuwa vijana wenye mitihani Jumatatu asubuhi.

Mmoja wao, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuwa Andy Kershaw. Baadaye alikuwa mtangazaji wa BBC, na ni miongoni mwa waliowafanya Waingereza kusikiliza muziki wa Afrika, ikiwamo bendi ya Bhundu Boys kutoka Zimbabwe.

Bado muziki hupigwa humo mara kwa mara. Ukienda usiku, nenda mapema, na koti zito liache, kwa sababu joto la watu litakutosha. Sisi tuliingia alasiri. Meza zilikwisha kuondolewa, na mpwa wangu akajiunga na wenzake kusukuma masanduku meusi, kuvuta nyaya na kuzibandika sakafuni mtu asijikwae. Bendi ya jioni hiyo ilikuwa ya vijana ambao sikupata kuwasikia. Lakini ngoma ya kwanza ilipopigwa, niliihisi tumboni kabla ya kuisikia masikioni. Hakuna viti, hakuna umbali. Niliweza kuona jasho la mpiga besi, mahali pale pale nilipomaliza sahani yangu ya samaki.

Katikati ya wimbo wa tatu, spika moja ikanyamaza. Watu wakaanza kunung'unika. Nikamwona mpwa wangu akipita nyuma ya jukwaa ameinama, tochi mdomoni, akifuata waya kwa vidole mpaka akapata palipokatika. Haikuchukua dakika mbili. Sauti ikarudi, ukumbi ukapiga kelele, na hakuna aliyejua jina lake ila mimi.

Usiku wa manane tulipokuwa tukirudisha meza, maana nami nilivua koti nikasaidia, nikamwomba anionyeshe alama zake. Hazikuwa mbaya. Hazikuwa nzuri kama za mwaka wa kwanza vilevile, na nilimwambia hivyo bila kumung'unya maneno. Tukakubaliana kwamba mwezi wa mitihani spika zitabebwa na wengine.

Kesho yake nilimpigia dada simu. Nikamwambia ni kweli, mwanawe hubeba spika, na nikamweleza ile spika iliyonyamaza. Akakaa kimya kidogo.

"Aliitengeneza mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe, gizani, mbele ya watu wote wale."

"Basi mwambie ale vizuri," akasema. "Na hiyo mitihani aipite."

Ukifika Leeds, msomaji, kale katika bwalo hilo mchana. Kisha subiri jioni, uwatazame wanaoondoa meza.