Kabla ya Machi 5

Mombasa, Jumatatu, 13 Januari 2025
Mama wa kiwanda cha mafuta ya mwarobaini amekuja na barua ya mnunuzi wake wa Ujerumani. Mshindani wao amepewa hataza ya Ulaya juu ya njia ya kukamua na kuchuja, na mnunuzi ameingiwa na hofu. Tangazo la hataza lilitoka 5 Juni 2024. Muda wa kupinga ni miezi tisa, kwa hiyo mwisho wetu ni Machi 5. Ukipita, tutabaki na mahakama za huko, na fedha hizo hana.
"Mwanangu, wameniibia." Uchungu wake naujua. Lakini Ofisi ya Hataza ya Ulaya, kule Munich, wataniuliza: nani alifanya hivi hadharani, lini, na kwa namna gani?

Alhamisi, 16 Januari
Nimerudia kesi ya mwarobaini wenyewe: hataza EP 0436257 ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani, ya kuua kuvu wa mimea kwa mafuta hayo. Vandana Shiva, Magda Aelvoet na shirika la IFOAM waliipinga mwaka 1995. Ilifutwa Mei 2000. Rufani ikatupwa Machi 2005. Miaka kumi! Aliyenigusa zaidi ni mkuu wa kiwanda kimoja cha India aliyefika Munich kueleza jinsi walivyokuwa wakiyatengeneza mafuta hayo zamani.
Ulaya, matumizi ya hadharani popote duniani yanahesabiwa. Ni kuyathibitisha tu, na hapo ndipo penye kazi.

Kilifi, Jumapili, 26 Januari
Kutwa nzima tumekaa sakafuni stoo. Vitabu vya risiti vimegandana kwa mafuta, na ule uchungu wa mwarobaini umenikaa kooni hadi sasa. Saa kumi jioni Mama akanyamaza, akanisogezea ukurasa: 11 Agosti 2016, lita 20, na chini yake mwandiko wa marehemu mumewe: "imechujwa baridi mara mbili." Mshindani aliomba hataza mwaka 2019. Mama alipitisha kidole juu ya maandishi yale, akalia.
Risiti yathibitisha mauzo na tarehe. Namna ya kuchuja lazima aieleze mtu aliyeshika mashine. Kesho namtafuta fundi.

Jumanne, 11 Februari
Fundi ametia saini kiapo, na mchoro wa chujio ameuchora mwenyewe.
Mwenzangu ofisini ashauri tupinge kwa jina la mtu mwingine, mshindani asijue nani yuko nyuma. Sheria inaruhusu, na kwa mfanyabiashara anayeogopa kulipiziwa ni ushauri mzuri. Mama amekataa: "Liandikwe jina langu." Namuunga mkono, risiti ni zake, jina lingefichika vipi?
Neno "wizi" nimelifuta kote. Tunasimama juu ya mawili: njia si mpya, na hata wakibadilisha kidogo, fundi yeyote angeifikia. Nimemweleza kwamba wanaweza kupunguza madai yao ili kuiokoa hataza. Wakiyapunguza hadi yasiguse njia yake, nitahesabu tumeshinda.

Ijumaa, 28 Februari
Wakili wetu wa Ulaya amewasilisha pingamizi leo na kulipa ada. Bila ada huhesabiwi kuwa umepinga. Kitabu cha risiti nimekifunga kwa kitambaa, kiko kwenye sefu ya ofisi.