Bao la tatu

Ndugu msomaji, kama una mzazi anayezeeka peke yake kijijini, bila shaka swali hili limekwisha kukunyima usingizi: tumwache huko au tumlete mjini? Sisi watoto wa mzee wetu tulikutana, tukajadiliana, tukaamua. Mama alikwisha fariki, macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu, na mimi, mtoto wake wa kwanza, nikatumwa Hanga, mkoani Ruvuma, kumchukua.

Nilisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, nikapita Makambako na Njombe hadi Songea, kisha nikapata gari la kunifikisha kijijini. Nilimkuta baba chini ya mwembe pamoja na wazee wenzake, ubao wa bao ukiwa mbele yao. Nilimpa shikamoo yake, nikala, nikapumzika. Usiku nikamweleza ujumbe niliotumwa. Alinisikiliza hadi mwisho, ndipo akasema:

"Kesho tutacheza bao, mara tatu. Ukinishinda, mwanangu, nitafunga mizigo. Nikikushinda mimi, usinitajie tena habari za mji."

Sikukuficha, msomaji: moyoni nilifurahi. Katika baraza la mtaani kwetu Temeke ni wachache wanaonisumbua, na mzee alikuwa haoni vizuri. Nilianza hata kufikiria atalala chumba gani.

Kwa wasioujua mchezo huu, ambao Mwalimu Nyerere aliupenda sana, ubao una mashimo 32 katika safu nne, na kete ni 64. Kila mchezaji ana zake 32; huanza na kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi. Anayemalizia mwenzake kete za safu ya mbele ndiye mshindi. Si mchezo wa bahati hata kidogo, ni hesabu tupu. Mholanzi Alexander de Voogt aliuchunguza umahiri wa mafundi wa bao wa Zanzibar, na kazi hiyo ikampatia shahada ya udaktari mwaka 1995.

Asubuhi wazee walituzunguka. Bao la kwanza baba alinimaliza kabla kete hazijaniishia mkononi, na wazee wakacheka mpaka wakakohoa. La pili nilitulia, nikalilinda nyumba yangu, nikashinda. Hakuna aliyecheka. Likabaki la tatu.

Katikati ya bao hilo nikaona jambo lililonishtua. Nyumba ya baba, yenye kete nane, ilikuwa wazi kabisa mbele ya shimo langu. Nikimtazama, naye alikuwa ameinamisha uso, vidole vikipapasa ukingo wa ubao. Nikajua hakuona. Hapo nikaingiwa na huruma. Nimshinde baba yangu kwa sababu ya upofu wake? Lakini nikiacha, nitawaambia nini ndugu zangu? Nikakumbuka kwamba tangu utotoni hajapata kuniachia hata bao moja ili nifurahi. Nikaweka kete yangu, nikala.

Kete zile nane nilizitawanya kutoka kichwani, moja moja, hadi ya mwisho ikalala kwenye shimo tupu upande wa pili. Ndipo nikautazama ubao wangu vizuri. Kila shimo la safu yangu ya mbele sasa lilikuwa na kete, hakuna lililojificha. Baba aliweka kete moja tu. Akala, akaendelea, akala tena, akizunguka kutoka kichwa hiki hadi kile bila kusita, vidole vyake vikijua idadi kabla ya kugusa. Aliponyanyua mkono, nyumba yangu ilikuwa imekwenda. Zamu tatu baadaye safu yangu ya mbele ilikuwa tupu.

"Mwanangu," alisema, "usimhurumie mtu kabla hujahesabu kete zake."

Msomaji, maneno hayo hayakuhusu bao peke yake. Sisi tuliketi Dar es Salaam tukazungumza juu ya baba kama watu wanaogawana mzigo. Tulihesabu miaka yake na macho yake. Hatukuwahesabu wazee wale chini ya mwembe, wala shamba analolijua kwa miguu, wala akili iliyoweza kuubeba ubao mzima. Hatukumwuliza hata yeye.

Nilitimiza ahadi, sikuutaja mji tena. Lakini kuhusu macho sikuwa nimeahidi lolote, na baba alikubali twende hospitali ya Peramiho akapimwe. Ni mtoto wa jicho, tukaambiwa, na anatibika.

Niliporudi, ndugu zangu walinipokea kituoni. Wakachungulia nyuma yangu, wakauliza, "Baba yuko wapi?"

Nikawajibu, "Amenishinda."