Kabla Ununue Hita Plagi, Uliza Nani Husukuma Gari

Wacha niseme kitu ambacho wenye gari za dizeli hawatapenda. Wengi wetu hubadilisha hita plagi kwa kubahatisha, na wengine hukataa kuzibadilisha kwa kubahatisha vilevile. Mmoja akiona gari imekataa kuwaka asubuhi, anakimbia Kirinyaga Road kununua nne. Mwingine anasema, "Hii ni Kenya bana, hizo vitu ni za nchi za theluji," halafu anaita vijana wasukume. Wote wawili hawajapima chochote.

Kwetu Limuru hii stori imekuwa vita baridi tangu mwezi wa sita. Mzee wangu ana Hilux ya kitambo, injini ya 3L, ile dizeli ya lita 2.8. Inabeba sukuma wiki na spinachi kwenda Marikiti. Na ndio, najua mshaanza kucheka: gari ya sukuma, na yenyewe inasukumwa. Hiyo jokes tumeichoka. Wenye wanasukuma ni mimi na ndogo yangu, saa kumi alfajiri, kwa baridi ya Julai, na yeye akitoka hapo anaenda shule.

Kwanza tuelewane hita plagi ni nini. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche. Dizeli haina cheche. Inakandamiza hewa kwa nguvu hadi hewa yenyewe inakuwa moto wa kutosha kuchoma mafuta. Kama umewahi kupiga pampu ya baiskeli ukaigusa chini, unajua hewa ikikandamizwa hupata joto. Sasa shida ni asubuhi. Chuma cha injini ni baridi, kinameza lile joto, na mafuta hayawaki vizuri. Hita plagi ni kijiti kidogo cha chuma, moja kwa kila silinda, ambacho kwa sekunde chache kinakuwa chekundu kama makaa ili kusaidia moto ushike. Injini ikishapata joto, kazi yake imeisha.

Ndio maana watu hubishana bila kuelewana. Mtu wa Mombasa anaweza kukaa na plagi mbili zilizokufa na asijue kabisa. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, asubuhi ni baridi, na injini za zamani kama yetu, zenye kijichumba cha pembeni cha kuchomea mafuta, zinazitegemea hizo plagi kuliko dizeli nyingi za kisasa. Gari ni ile ile, lakini jibu linabadilika ukibadilisha mahali na saa.

Mzee alikuwa na hoja yake na haikuwa ya kijinga. Gari ikiwa Nairobi mchana inawaka mara moja. "Karo kwanza," akasema. "Gari inasukumika." Fundi wa kwanza naye tulimpigia simu, hata hajaiona gari, akasema tununue zote nne na rilei pia. Ukiangalia vizuri, hao wawili wanafanana. Mmoja anaokoa pesa bila kujua shida ni gani, mwingine anatumia pesa ya mwenyewe bila kujua shida ni gani.

Mimi nasomea umeme kwa chuo cha ufundi na nina multimita yangu. Nikamwambia, "Baba, nipe nusu saa Jumapili."

Nilianza na betri, kwa sababu betri dhaifu huleta dalili karibu zile zile. Ikasoma volti 12.6 gari ikiwa imezimwa. Hiyo ni betri imejaa. Halafu nikamwomba afungue swichi bila kupiga stata, nikapima pale moto unapofika kwenye plagi. Nikapata karibu volti 11. Kwa hivyo rilei na fyuzi zilikuwa sawa, na rilei ya yule fundi wa simu ingekuwa pesa ya bure. Kitu kimoja muhimu hapa: ile taa ya dashibodi yenye umbo la springi isikudanganye. Kwa gari za zamani hiyo taa inahesabu sekunde tu. Itazimika kama kawaida hata kama plagi zote zimekufa.

Mwisho nikazima swichi, nikatoa ule ukanda wa chuma unaounganisha plagi zote, nikapima moja moja, upande mmoja kwenye ncha ya plagi na mwingine kwenye chuma cha injini. Plagi nzima husoma omu chache sana, mara nyingi chini ya mbili. Mbili zetu zilisoma kama omu moja. Mbili hazikusoma kitu kabisa. Hizo zimekatika ndani. Ule moshi mweupe wa asubuhi pia ukapata maana: ni dizeli inayotoka bila kuchomeka. Ungekuwa wa bluu tungeshuku oili, na mweusi tungeangalia nozo na hewa.

Hapo sasa mjadala ukawa wa maana. Tuache, tubadilishe mbili, au zote nne?

Kuacha kulionekana bure, lakini si bure. Kila asubuhi stata inazungushwa muda mrefu, betri inakamuliwa, na hivyo vitu viwili ni ghali kuliko plagi. Marikiti ukichelewa, wanunuzi wa jumla washaenda na mboga inauzwa kwa bei ya huruma. Na kuna gharama ambayo mzee hakuwa ameiandika mahali: mtoto anayesinzia darasani kwa sababu ameamka kusukuma pikapu. Yeye mwenyewe hushika usukani. Sisi ndio tuko nyuma. Nilimwambia hivyo kwa heshima, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Kwa hivyo mbili ama nne?"

Nilisema nne. Zote ziliwekwa siku moja, na hizo mbili zilizobaki hazina maisha marefu. Lakini nikasema pia tusichukue za bei ya chini kabisa. Kuna plagi feki ambazo ncha yake huvimba, na ikivunjika inaanguka ndani ya silinda. Hapo unaongea kuhusu injini nzima. Pia si plagi zote ni za volti 12. Zingine zimetengenezwa kwa volti chache, ukizipa 12 zinaungua. Tulibeba ya zamani dukani tukalinganisha na namba yake.

Kuzitoa tulimwachia fundi mwingine, mzee mpole wa hapa mtaani. Alianza injini ikiwa bado na joto, akaweka mafuta ya kulegeza kutu, akangoja. Tatu zikatoka. Ya nne, moja ya zile nzima, ikagoma. Akaisukuma spana kidogo, akaisikiliza, akaacha. "Hii bado inafanya kazi," akasema. "Nikiilazimisha ikatike ndani ya hedi, mtanichukia." Tukaiacha. Kwa hivyo leo tuna tatu mpya, moja ya zamani, na moja mpya imefungwa kwa gazeti ndani ya kabati.

Gari inawaka yenyewe sasa, ukingoja ile taa izime kabla ya kupiga stata. Moshi upo kidogo, unaisha haraka.

Kama yako inasumbua asubuhi, pima betri, pima kama moto unafika, pima plagi. Ukipata fundi mwenye mita, hiyo si kazi ya siku nzima. Na tafadhali, ile mambo ya kuweka kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa hewa, achana nayo. Petroli kukutana na plagi iliyo moto si mchezo.

Ukishajua ni plagi, usiamue ukiwa umekaa kwa jua saa saba mchana, gari ikiwaka vizuri. Muulize yule anayeamka nayo saa kumi. Kwenu ni nani?