Tarakimu 40 Kabla ya Yuniti

Mimi ni fundi umeme hapa Bagamoyo. Watu wanajua mita ya LUKU, ya kulipia umeme kabla, inahesabu umeme. Inahesabu na tarehe. Tokeni ya tarakimu 20 imebeba ndani yake wakati ilipotolewa, kwa dakika, kuanzia Januari 1, 1993. Nafasi ya kuhifadhi dakika hizo haizidi milioni 16 na laki saba na kitu. Ilijaa Novemba 24, 2024. Ikishajaa hesabu inarudi sifuri, na mita inaiona tokeni ya leo kuwa ni ya zamani, inaikataa. Ndivyo ilivyo kwa mita za mfumo huu zinazohesabu kuanzia 1993, nchi nyingi duniani.

Dawa ilikuwepo, na shirika la umeme, TANESCO, lilitangaza mapema: ukinunua umeme unapewa makundi matatu ya tarakimu. Mawili ya kwanza yanabadilisha ufunguo wa siri ambao mita inasomea tokeni, la tatu ndilo lenye yuniti. Ila lazima mtu abonyeze zote kwa kidole, nyumba kwa nyumba.

Pwani chumvi inakula kila kitu. Kaole, karibu na hapa, nilimkuta bibi mmoja, kitufe cha 4 cha rimoti yake kimekufa. Mjukuu alimwandikia tarakimu nyuma ya kalenda; tukazihesabu, tarakimu 4 ilikuwemo mara saba. Nilifungua rimoti, nikasugua kwa spiriti ukungu wa kijani chini ya kitufe, tukaanza upya.

Mama mmoja mkaanga samaki alikuwa na tokeni ya akiba aliyoinunua zamani, kaikunja kwenye pochi. Aliingiza makundi mapya kwanza, kisha ile ya akiba. Mita ikaikataa, kwa sababu ufunguo ulishabadilika. "Mwanangu, hela yangu imekwenda wapi?" Nilimwambia aende dukani na risiti. Iliniuma, maana alikuwa amejinyima.

Novemba 25 taa ziliwaka kama kawaida, watu wakaniambia ulikuwa uvumi. Mita haizimiki siku hiyo. Inangoja tokeni inayofuata. Mapinga, wilayani kwetu, kuna nyumba za watu wa Dar zimefungwa mwaka mzima, mlinzi na taa yake moja. Yuniti zinakaa miezi. Zikiisha ndipo napigiwa simu usiku.

Namwambia mlinzi aandike tarakimu nne nne kwenye karatasi, anisomee taratibu, nami nazifuata na kalamu.