Impromptu si kukurupuka, shoga yangu

Leo tuzungumze neno moja la Kizungu ambalo mabiharusi wanaokuja kwangu kushona wamelipenda sana: impromptu. "Anti, yangu mimi ni harusi ya impromptu." Nimelisikia mpaka nikalitafuta kwenye kamusi.

Maana yake ni jambo la papo kwa papo, halikupangwa wala kufanyiwa mazoezi. Mtu akiinuliwa ghafla ukumbini aseme maneno mawili, hiyo ni hotuba ya impromptu. Lakini ukipita dukani ukanunua kitambaa cha laki mbili kwa kuwa kimekung'aria tu, hapo umekurupuka, na Wazungu wana neno jengine kwa hilo.

Kilichonishangaza ni asili yake. Limetoka kwenye Kilatini, in promptu, likapitia Kifaransa, na huko mwanzo lilimaanisha kitu kilicho tayari, kiko karibu na mkono. Kumbe neno la kutojiandaa limezaliwa na kuwa tayari!

Fundi yeyote atalielewa hilo. Alinijia binti siku ya Jumatano, nikaha Ijumaa. Bibi yake mgonjwa, anataka aishuhudie ndoa ya mjukuu wake akiwa hai. Gauni liliwahi kwa sababu lesi nyeupe ilikuwemo kabatini, uzi na zipu vipo, na vipimo vyake nilikuwa navyo tokea Idd. Mshono ulikuwa wa ghafla, vifaa havikuwa vya ghafla. Alhamdulillah, bibi aliona.

Na ndoa yenyewe ilikuwa hivyo hivyo. Ukumbi hakuna, keki hakuna, hata singo ilikuwa ya siku moja. Lakini walii alikuwepo, mashahidi wawili wapo, ijabu na kabuli zimesomwa, binti ameulizwa akaridhia, mahari yake yametajwa. Hayo hayana impromptu.

Ndiyo maana nakunong'oneza, mdogo wangu: akija mwanamme akakwambia, "Tuoane tu impromptu, wazee tutawaambia baadaye," ujue neno limevalishwa nguo isiyokuwa yake. Sherehe inapunguzwa, nguzo haipunguzwi. Mwenye kukutaka kwa haraka ya kheri atakwenda kwa baba yako leo hii, hatakuficha.

Kwa mwenye mchumba, weka tayari yaliyo mikononi mwako. Zungumza na walii wako mapema. Ijue haki yako ya mahari na useme unachotaka. Vipimo vyako mpe fundi, kitambaa kiweke. Siku ikija kwa mipango, sawa. Ikija ghafla, itakukuta umesimama.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na ni kweli kwa asiyejiandaa. Allah awajaalie ndoa zenye utulivu, ziwe za miezi sita ya maandalizi au za siku mbili. Aamin.